Nyumba Isiyovujisha Dawa

“Miti mtaibeba mabegani. Je, kivuli mtakibeba na nini?”

Bi Tabu aliuliza hivyo mbele ya kijiji kizima. Kila mtu akatazama vidole vya miguu yake.

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama walioshiba usingizi. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, kaeni vizuri. Anayetaka kubisha, abishe nikimaliza.

Zamani sana, kabla babu wa babu zetu hajaota meno, palikuwa na kijiji chini ya kilima. Juu ya kilima palikuwa na msitu mzito wa mivule na mikuyu. Katikati ya msitu chemchemi ilitoka mwambani: chururu, chururu, chururu. Katika kijiji hicho aliishi msichana mmoja, Mkasi, na mama yake, Bi Nyamvula.

Bi Nyamvula alimzika kitinda mimba wake. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaondoka. Yeye akabaki. Akaacha kusuka nywele. Akaacha kupika. Mwisho akaacha kusema. Akiamka, uso ukutani. Akilala, uso ukutani. Ugonjwa huo wanakijiji waliuita uzito. “Nyamvula kashikwa na uzito,” walisema, kisha wakaupita mbali mlango wake, kana kwamba huzuni ni upupu.

Mkasi akaenda kwa Bi Tabu, kikongwe mfupi mwenye ulimi mkali na mguu mmoja uliopinda. Hakuwa mganga. Hakuwa na kibuyu wala hirizi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mama anakula?”

“Hali.”

“Anatoka?”

“Hatoki, bibi. Nimchemshie dawa gani?”

“Dawa, dawa! Mtu mmemwacha ndani kama kuku anayeatamia, halafu mnamtafutia dawa. Mlete.”

Wakapanda kilima, pole pole, hatua na pumzi, hatua na pumzi. Bi Tabu hakumwambia mama wa watu ajikaze. Hakumwambia wengine wamezika zaidi yake. Alimketisha kwenye mzizi wa mkuyu, akamtia miguu majini, akaenda zake kuchuma uyoga. Kesho yake vivyo hivyo. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mkasi akachoka kungoja.

“Bibi, hiyo dawa utampa lini?”

“Si hiyo kaikalia?”

Hata siku moja hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, akatua juu yao, akaangua kilio kama mtoto mchanga. Waa! Waaa! Waaaa! Bi Nyamvula akainua kichwa.

“Huyu naye,” mama akasema, sauti imekwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kusema, “analilia nini?”

“Njaa, mwanangu,” Bi Tabu akajibu bila kugeuka. “Njaa na kukosa adabu.”

Bi Nyamvula akacheka. Kidogo tu, puani. Kisha akalia, akalia hasa, kwa mara ya kwanza tangu kaburini. Bi Tabu akaendelea kuchuma uyoga wake.

Basi habari zikaenea. Wenye uzito wakaanza kupanda kilima, mmoja mmoja, na Bi Tabu akawaketisha, akawatembeza, akawakalipia walipokanyaga uyoga. Habari zikafika kwa Jumbe Ngwali, mkuu wa kijiji. Kijana wake wa kwanza alikuwa halali, hali, hasemi. Jumbe akamwita Bi Tabu.

“Mponye mwanangu.”

“Mtoe nje, Jumbe. Utembee naye wewe mwenyewe.”

“Mwanangu azurure porini kama mbuzi? Watu watasemaje?”

Ndu! Ndu! Ndu! Ngoma ikalia, watu wakakusanyika. Jumbe akasimama.

“Dawa imo mitini! Bi Tabu mwenyewe katuonyesha. Sasa kwa nini mgonjwa apande kilima kuifuata dawa? Dawa ishuke imfuate mgonjwa! Tutaikata ile miti, tuwajengee wenye uzito nyumba ya miti mitupu. Walale ndani ya dawa, waamke ndani ya dawa!”

Vigelegele. Na msiwacheke. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa na huruma tele. Hilo ndilo linaloniuma.

Hapo ndipo Bi Tabu alipouliza lile swali la kivuli. Mkasi akainuka.

“Jumbe wangu, mama yangu hakuponywa na mbao. Alikuwa nje. Alisikia ndege. Alitia miguu majini.”

“Binti, umeolewa?”

“Sijaolewa.”

“Umezaa?”

“Sijazaa.”

“Basi keti. Ubwabwa haujakutoka shingoni.”

Watu wakacheka, kwa-kwa-kwa, mpaka machozi. Nawauliza nyinyi mlioketi hapa: lile lilikuwa jibu? Mtu kaleta hoja, wewe unauliza habari za ndoa!

Ko! Ko! Ko! Mvule chini. Ko! Ko! Ko! Mkuyu chini. Nyumba ikasimama, ndefu, imara, inanukia utomvu, imeezekwa makuti. Nyufa zote wakazikandika udongo ili dawa isivuje. Dirisha hawakuweka, dawa isitoroke. Mlango mmoja tu, wa kupitishia chakula.

Watu wa Jumbe wakaja kumchukua Bi Nyamvula. Alikuwa anatwanga wakati ule, anaimba kwa sauti ya chini.

“Akamalizie dawa,” walisema.

Akashika mwimo wa mlango. “Mkasi! Mimi nimepona. Waambie nimepona!”

Mkasi akawaambia. Akawavuta kanzu. Akawauma mikono.

“Aliyepona hapigi kelele,” wakasema, wakambeba juu juu, taratibu, wasije wakamuumiza.

Kilimani chemchemi ikapungua. Chururu. Chu. Kisha mwamba mkavu. Hondohondo akahama. Na ndani ya nyumba, wagonjwa wakageukia ukuta. Jumbe akachungulia, akatikisa kichwa.

“Dawa haijatosha. Ongezeni miti.”

Ko! Ko! Ko! Kilima kikabaki upara.

Mwanzoni Mkasi alipoleta chakula, mkono wa mama uliipokea sahani. Baadaye mkono haukuja. Mkasi akaenda kwa Jumbe, akapiga magoti.

“Nipe mama yangu, baba. Nakuomba.”

“Mwanangu yumo mle mle,” Jumbe akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, naye alikuwa amekonda. “Unadhani mimi sioni uchungu? Dawa ikikatizwa hugeuka sumu.”

Aliamini. Wallahi, aliamini kila neno.

Ndipo Bi Tabu alipokuja, anaburuta mguu wake.

“Jumbe, na mimi nimeshikwa na uzito. Nitieni ndani.”

Jumbe akafurahi mno. Hata mpinzani kakubali! Wakamfungulia mlango. Mkasi akamkamata mkono.

“Bibi, usiingie humo.”

“Sasa nani atakaa nao? Msitu umekwisha, mjukuu wangu. Nimebaki na kucha.”

Akaingia. Huko ndani akapapasa gizani, akakipata kinu cha Bi Nyamvula, kilichoingizwa pamoja naye, akakipindua, akapanda juu yake. Akaanza kuyachana makuti ya paa. Karara. Karara. Karara. Walinzi mlangoni wakasikia. “Panya,” wakasema.

Asubuhi Mkasi akaleta uji. Mlango ulipofunguliwa, akaona mwanga. Paa lilikuwa limetoboka, tundu kubwa kama ungo. Chini yake jua lilichora duara sakafuni, na wagonjwa wote walikuwa wametambaa hadi pale, wamelala vichwa pamoja kama vifaranga. Kijana wa Jumbe alikuwa amekinga kiganja kwenye mwanga, kama anayepokea kitu. Bi Tabu alilala kando ya kinu, pale alipoangukia. Alikuwa amekufa. Vidole vyake vilikuwa vimechanika, na ngumi zake zimejaa makuti.

Bi Nyamvula alikuwa anatazama juu. Wingu dogo lilikuwa linapita.

“Mkasi,” akasema. “Kumbe ni mchana.”

Jumbe akaitwa. Akaingia, akakiona kiganja cha mwanawe kwenye jua. Akasimama pale. Mkasi akamtazama usoni, akawaza: sasa ataona. Sasa hivi ataona.

Jumbe akafuta macho.

“Masikini wagonjwa wetu,” akasema. “Mvua itawanyeshea. Zibeni.”

Wakaliziba. Bi Nyamvula hakusema tena, mpaka alipokufa, wakamtoa kwenda kumzika.

Funzo lake, kwa anayetaka funzo: hakuna ampaye mtu msitu kwa kumfungia ndani ya mbao zake, hata angempenda vipi. Nami ngano yangu naitua hapa. Sina utamu wa kuwaongezea.

Nina ombi. Yule mwenzenu asiyetoka chumbani siku hizi, mnamjua. Mkiondoka hapa, mgongeeni mlango. Msimpelekee mawaidha. Tokeni naye nje, mkakae naye.