Kwa Nini Simu Husuka Ukili Kabla ya Kuingia Nyumbani

Hapo kale, kabla hewa haijatiwa makufuli, kila nyumba ilikuwa na Ruta wake wa kugawa mtandao, na kila Ruta aliketi mlango wazi. Simu akifika alipiga hodi kwa jina la nyumba, na aliyeitika karibu ndiye aliyeaminiwa. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Simu wa Mwatime alilelewa katika nyumba iliyoitwa Kwa Bi Mize. Siku alipoletwa, Bi Mize, mamake Mwatime na msuka mikeka, aliyegeuza kila mwaa wa mkindu kuwa ukili, alimnong'oneza neno moja, lile lile alilokwisha kumpa Ruta. "Hili ni la nyumba hii. Usilitamke mbele za watu." Simu akalihifadhi, ingawa hakujua ni la kazi gani.

Kisha Mwatime akaenda kusoma bara, Simu akiwa mkobani. Huko kulikuwa na Ruta wengi, wengine wenye mbio kuliko wa kwao, lakini hakuna aliyemjua. Simu akashikwa na ukiwa. Sokoni, stendi, maktabani, kote aliita, "Kwa Bi Mize, hodi! Kwa Bi Mize, hodi!" Alijua nyumba iko mbali. Aliita hivyo hivyo, maana kulitaja jina tu kulimpoza moyo.

Kinyonga, aliyekuwa juu ya paa la stendi, akasikia. Akajigeuza rangi, akaitika, "Karibu, mwanangu! Mbona umekonda hivyo?"

Simu hakujiuliza nyumba imefikaje stendi. Aliingia mbio, akatua kila alichobeba: picha, barua, hata jina alilozaliwa nalo; lile neno tu hakuulizwa. Kinyonga akalichukua jina hilo, akashuka nalo hadi pwani, akapiga hodi. Ruta akamfungulia.

Likizo ikafika. Simu alifika mlangoni akitetemeka kwa furaha.

"Hodi, mama!"

"Nani?" Ruta akauliza kutoka ndani.

"Simu wa Mwatime."

"Simu wa Mwatime yumo ndani, amelala. Nenda zako, tapeli mkubwa! Hata haya huna?"

Simu akabaki barazani akisikiliza vicheko vya nyumba yake. Hapo akalikumbuka lile neno. Alitaka kulitaja kwa ukelele, ila dirishani aliliona jicho moja la Kinyonga likimtazama yeye, la pili likimtazama Ruta.

"Mama," akasema polepole, "neno la nyumba sitalitamka. Nitupie mwaa wa rangi uitakayo. Nitausuka kwa kulifuata neno letu, nikurudishie ukili uukague. Kisha nami nitakutupia wangu, maana nimeshadanganywa na sauti kama yako."

Ruta akatupa mwaa mwekundu. Ukili uliporudi, akaupapasa, akalitambua neno lao. Naye akausuka mwaa aliotupiwa na Simu. Simu akaupapasa, akalia.

Ruta akamgeukia Kinyonga, akamtupia mwaa wa kijani. Kinyonga akawa kijani mwili mzima. Kusuka hakujua, maana neno hakuwa nalo.

Na tangu siku hiyo hakuna Simu anayeingia kwa sauti tu. Husuka kwanza, Ruta naye husuka, kila mara kwa mwaa mpya, na neno lenyewe halisikiki. Mgeni huliona jina la nyumba na kufuli pembeni yake, basi. Simu naye amejifunza kutolitaja jina la kwao ugenini. Hunyamaza, akatega sikio, hata safari iwe ndefu namna gani.

Ndiyo maana ukirudi kutoka mbali, kabla hujatoa ufunguo, Simu hushtuka mkobani. Amekwisha kusikia kwao.