Sultani na Povu Lake

Hapo zamani, kabla bibi za bibi zetu hawajajua kusuka ukili, mji wa Tumbure ulipigana wenyewe kwa wenyewe miaka mitatu, watu wa Juu na watu wa Bondeni, wakigombea maji ya mfereji. Walipochoka kuzikana wakaandika mkataba: kila asubuhi mlango wa mfereji ufunguliwe, Bondeni nako wanyweshe mashamba. Sultani Makame akatia muhuri, ngoma zikalia, biriani likaliwa. Kisha ufunguo akauvaa shingoni, na mlango haukufunguliwa hata siku moja.

Basi ikawa migomba ya Bondeni inakauka na mapanga yananolewa. Mbaruku, mchota maji wa jumba, fukara asiye na kanzu ya pili, akaingiwa na hofu, maana vita vile viliwala ndugu zake wawili, na wa tatu, aliyebaki, alikuwa ameoa Bondeni. Akaenda kumlilia Sultani.

"Ewe Mbaruku, mdomo unao," akasema Sultani. "Mkataba huu hapa, chukua. Yeyote atakayelalamikia maji, msomee. Ukimpa kingine chochote, nitakukata shingo."

"Yeyote, Maulana?"

"Yeyote! Mawaziri wangu ni mashahidi."

"Nimesikia, nimetii."

Ijumaa ilipofika Sultani akaingia hamamu. Mbaruku akammwagia kata moja, naye akajipaka sabuni toka utosini hadi kisiginoni, akafumba macho, akanyoosha mkono.

"Maji!"

Kisha akasikia ngozi ya mkataba ikikunjuliwa. "Kifungu cha kwanza," akasoma Mbaruku kwa sauti ya khatibu. "Maji yatatolewa kila asubuhi, bila kinyongo wala kisingizio..."

"Mbaruku! Macho yananiwaka!"

"Kifungu cha pili ni kizuri zaidi, Maulana."

"Mwendawazimu wee! Maandishi yataniosha?"

"Hata mimi nashangaa," akasema Mbaruku. "Bondeni nimewasomea siku nne, na migomba haijalowa. Nikikupa maji, shingo yangu imekwenda. Labda mlango ufunguliwe, asiwepo tena wa kulalamika."

Nje ya hamamu mawaziri walikuwa wameziba midomo kwa vilemba. Sultani akapapasa shingoni, akauvua ufunguo uliojaa povu, akautupa mlangoni. "Kafungueni!" Akangoja hapo, macho yanamchonyota, hata viliposikika vigelegele kutoka Bondeni. Ndipo Mbaruku akammwagia maji, na Sultani akacheka mpaka akakaa chini.

Mbaruku akapewa kanzu tatu na ulinzi wa ule ufunguo. Na tangu siku hiyo Sultani hakugusa sabuni kabla ya kuuliza kama Bondeni wamepata maji.

Hekaya yangu imefika mferejini. Mwenye kiu na anywe.