Sahihi ya Ludgarda

Wapendwa, alikuwepo wakili mmoja katika mji wa milimani, kijana mchapakazi. Rushwa hali, ofisi hafungui kwa kuchelewa. Siku moja akaja kwake muuguzi mstaafu aliyekuwa akinunua nyumba ndogo, maana ile ya hospitali aliyoishi miaka mingi alitakiwa kuirudisha.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi karatasi hizi sizijui. Ndiyo maana nimezileta kwako."

Wakili akaandaa mkataba, akapeleka maombi ofisi ya ardhi. Baada ya wiki mbili faili likarudi. Hati ilikuwa na majina mawili: la muuzaji, na la mke waliyeachana naye zamani. Mke hakuwa amesaini, na wakili alikuwa amelipita jina lile bila kuliona. Hebu fikirini aibu aliyoisikia! Akamuuliza muuzaji, naye akajibu kwamba hajui mwanamke yule anaishi wapi. Basi kijana akaazimia moyoni: nitamtafuta mwenyewe, nitalimaliza kimyakimya, mama wa watu asijue kwamba nilikosea.

Yule mama akawa anapita kila Jumatatu. "Mwanangu, tumefikia wapi?"

"Linashughulikiwa, mama. Usiwe na wasiwasi."

Na kweli, lilikuwa linashughulikiwa! Alipiga simu, alizunguka kwa wenyeviti wa mitaa, alichoka. Je, alidanganya? Hapana. Lakini mama naye, alipotoka mle ofisini, alikuwa amejua nini?

Mwezi wa tano wa kusubiri, hospitali ikampa barua ya kuhama. Akaja nayo mkononi, kiti akakikataa. "Leo sitoki hapa. Niambie kinachokwamisha."

Wakili akainamisha kichwa, akasema yote. "Namtafuta mama mmoja anaitwa Ludgarda. Bila sahihi yake hatuwezi kwenda mbele."

Mama akashika ukingo wa meza. "Ludgarda yupi? Yule mwalimu wa chekechea?"

"Nimesikia aliwahi kufundisha chekechea, ndiyo."

"Baba, nimeimba naye kwaya miaka tisa. Kila Alhamisi alikaa kushoto kwangu. Ungeniambia, ningekuletea sahihi yake siku ileile." Akaiweka ile barua mezani. "Tumemzika Jumamosi."

Ikabidi mirathi ya marehemu ifunguliwe, watoto wake watafutwe huko waliko. Mama akahamia chumba cha uani kwa mdogo wake. Nyumba aliipata, lakini baada ya miaka miwili. Katika miaka hiyo wakili alimpigia simu kila Ijumaa, hata pale alipokuwa na neno hili tu: "Mama, wiki hii hakuna jipya. Nimekwama mahakamani, na sababu ni hii."

Sasa nawauliza: mama yule alidai makubwa? Hakudai wakili asikosee kamwe. Hakudai hati kwa siku tatu. Alichostahili ni kuambiwa mambo yake yamefika wapi, kwa maneno anayoyaelewa, hata kama maneno hayo yanamwaibisha msemaji.

Na sisi je? Sisi tulioshika mambo ya wenzetu, huyu mgonjwa wake, yule mtoto wake, mwingine shamba lake, mara ngapi tunanyamaza tukijidai tunawaepusha na wasiwasi, kumbe tunalinda sura zetu? Yupo mtu anayesubiri neno kutoka kwako. Unamjua. Usingoje uwe umetengeneza kila kitu kwanza. Mwendee leo, umwambie ulipokosea; huenda ufunguo wa jambo lenyewe anao yeye.