Bisi za Chungu Kisichofunikwa

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kuku alipiga hodi kabla ya kuingia jikoni, aliishi mama mmoja, jina lake Sidi. Nyumba yake ilifagiliwa asubuhi, ikafagiliwa mchana, ikafagiliwa jioni. Hata sisimizi walipita uani kwa adabu. Alikuwa na binti mmoja tu, Mbeyu, mboni ya jicho lake.

Basi Mbeyu akashikwa na homa. Homa ikaja, homa ikakaa, homa ikaondoka, lakini ikaondoka na hamu yake ya kula. Mtoto akawa wa kulala tu, mikono myembamba, macho makubwa. Mganga akasema, "Ugonjwa umekwisha, Mama Mbeyu. Lakini asipokula, tutampoteza."

Sidi akapika wali wa nazi. "Kula kidogo, mwanangu, kwa ajili yangu." Mbeyu akageukia ukutani. Akapika maandazi ya sukari tele, yanayong'aa mafuta. "Kula kidogo, mwanangu, kwa ajili yangu." Mbeyu akageukia ukutani. Akasonga halua nzito. "Kula kidogo, mwanangu, kwa ajili yangu." Ukutani. Jamani, mwenye mtoto anaujua uchungu wa sahani inayorudi jikoni imejaa.

Mara hodi. Alikuwa Kuku Kishingo, yule wa shingo tupu na maneno mengi.

"Mama Mbeyu, unambembeleza mno," akasema. "Mimi na vifaranga vyangu hivi vyote, sijawahi kukiomba hata kimoja kula. Vinagombania."

"Mwanangu si kifaranga."

"Haya. Basi kaanga bisi, naye akiwa hapo hapo anaona. Mafuta kijiko kimoja, sukari weka mbali. Na chungu usikifunike."

"Nisikifunike? Si zitaruka jiko zima?"

"Zitaruka," akasema Kuku, akitazama pembeni.

Nyie mnacheka kwa kuwa mnamjua Kuku. Shauri lile alilitoa kwa ajili ya tumbo lake. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na Sidi maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akambeba Mbeyu, akamlaza kwenye mkeka jikoni, mbali na moto. Akabandika chungu, akatia mafuta kijiko kimoja na mahindi ya bisi konzi moja.

Kimya. Kisha pa. Kisha pa, pa. Kisha papapapapa, bisi zikaruka nje! Zikatua sakafuni, zikatua kwenye nywele za Sidi, zikatua mkekani. Kuku naye hakulaza damu. Akadonoa huku, akadonoa kule, akadonoa hadi miguuni pa mgonjwa. Sidi akaukimbilia ufagio.

Bisi moja ikaangukia kifuani pa Mbeyu. Kuku akainyoosha ile shingo yake. Mkono mwembamba ukawahi.

"Hii yangu," akasema Mbeyu, akaitia mdomoni.

Ikaja nyingine. Kuku mbio, Mbeyu akatambaa. "Na hii yangu."

Ikaja ya tatu. "Na hiyo pia yangu. Toka hapa, mlafi wewe."

Kuku akanung'unika kwamba nyumba hii haijui heshima ya mgeni. Sidi akauweka ufagio chini. Maneno yale ya kubembeleza yalimfika ulimini, akayameza.

Akakaanga chungu cha pili, safari hii akafunika, akakitikisa na kutega sikio mpaka mlio ukapungua. Akagawa bakuli tatu. Moja akaikamulia ndimu na kuinyunyizia chumvi kidogo. Moja akaitia binzari na pilipili manga. Moja akaitia mdalasini na nazi iliyokunwa, ikakaushwa motoni bila sukari. Akaziweka sakafuni, akageuka, akajifanya anachochea moto.

Nyuma yake akasikia kutafuna. Bakuli ya ndimu ikasogezwa. Ikasogezwa ya mdalasini. Kuku akafukuzwa tena.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Kwani leo hupiki? Hizi zimeniamshia njaa tu. Mimi nataka kula."

Sidi akaosha mchele huku machozi yakimdondoka bakulini, na furaha yake haikuwa na mfano.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye njaa na anyooshe mkono, asingoje kubembelezwa, maana Kuku bado yuko mlangoni.