Chumba cha Ufunguo Mmoja

Hadithi hii nimeipata kwa mtu, naye aliipata kwa mtu. Isome taratibu mpaka mwisho. Kama unakaa na mwenzako chumba kimoja na leo hamjasalimiana, msomee na yeye.

Katika jiji moja kubwa, ambako wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita mkononi kabla hata hujaonyeshwa choo kilipo, waliishi wanaume wawili katika chumba kimoja chenye godoro moja. Wa kwanza ni Mwalimu Sengo, aliyefundisha hesabu shule ya msingi. Wa pili ni Chande, mlinzi wa usiku kwenye ghala la mtu.

Usishangae hilo godoro moja. Mwalimu alilala usiku, Chande akalala mchana. Alfajiri Chande alirudi kutoka lindoni na kumkuta Mwalimu amesimama mlangoni, ameshavaa. Jioni Mwalimu alirudi na kumkuta Chande mlangoni, na kirungu chake kwapani. Hapo mlangoni walipokezana ufunguo, kwa sababu chumba kilikuwa na ufunguo mmoja tu. Mwenye nyumba, Bi Mwatumu, alikataza mtu kuchonga mwingine tangu siku alipoibiwa jiko lake la gesi. Na kutunza funguo za watu hakutaka.

"Mimi si kabati," alisema.

Basi kila siku ilikuwa hivyo hivyo.

"Umeamkaje, Mwalimu?"

"Salama. Umekeshaje, Chande?"

"Tumekesha. Haya, nenda kawafundishe."

Chande aliyafurahia maneno hayo machache kama chai ya moto. Mwalimu aliyaona usumbufu. Chande akichelewa dakika chache tu, Mwalimu naye anachelewa shuleni. Jioni Chande akipitiwa na usingizi, Mwalimu inabidi asimame nje na madaftari yake, agonge mlango mpaka nyumba nzima itoke kuchungulia. Siku za Jumapili alikaa barazani kutwa nzima kama mgeni, akisubiri mwenzake aamke.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni lile godoro. Kila akijilaza alikuta limeshapashwa joto na mgongo wa mtu mwingine. Alikuwa na digrii, jamani, na joto la godoro si lake! Aliona aibu. Shuleni walimu wenzake wakimuuliza, "Sengo, kwako wapi tuje siku moja?" alijibu kwamba nyumba inapakwa rangi. Rangi hiyo ilipakwa miaka miwili. Chande naye hakuwahi kuambiwa jina la shule, asije akafika getini siku moja na buti zake za ulinzi akamuulizia Mwalimu mbele ya watu.

Mwalimu alitaka jambo moja tu maishani: mlango wake mwenyewe, na godoro lililopoa.

Akajinyima, akakopa, akapata. Chumba cha ghorofani, sakafu ya vigae, upande mwingine wa jiji. Asubuhi ya kuondoka alimkabidhi Chande ufunguo kama kawaida.

"Leo jioni usinisubiri. Nimepata chumba cha peke yangu."

Chande alicheka kwa furaha kabisa, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hongera, Mwalimu! Sasa umekuwa mtu mzima. Ni wapi huko?"

"Mbali," alisema Mwalimu.

"Na mimi sasa nitampa nani ufunguo?"

"Tafuta mwenzio mwingine. Watu wamejaa jiji zima."

"Nitaona," alisema Chande. Alibaki mlangoni mpaka Mwalimu alipokata kona.

Usiku wa kwanza Mwalimu alijilaza kwenye godoro lake, lilikuwa la baridi kama alivyoomba, naye akamshukuru Mungu kwa sauti. Sauti ilimrudia kutoka kwenye kuta. Hakuijali.

Sasa sikiliza. Chumba cha peke yako kinataka kodi ya peke yako. Mwalimu akaanza kufundisha tuisheni baada ya vipindi, akaongeza na za Jumamosi, akaongeza na za Jumapili. Alitoka kiza, akarudi kiza. Kile chumba alichokililia alikaa humo macho yake yakiwa yamefumba. Vigae alivilipia ila hakuvikanyaga. Majirani wa ghorofani walipishana ngazini kila mtu na visikizi masikioni, na aliyewasalimia walimtazama kama anaomba kitu.

Akaanza kufanya jambo la ajabu. Asubuhi akishafunga mlango, mkono wake ulinyooka wenyewe na ufunguo kiganjani, kumpa mtu. Hapakuwa na mtu. Aliurudisha mfukoni akatazama huku na huku kama aliyefumaniwa.

Alfajiri moja, alipokuwa anafunga vifungo vya shati, simu iliita. Kwenye kioo aliona jina la Chande.

"Huyo. Kodi imemshinda," alisema Mwalimu. "Mimi yangu inanitoa roho, sembuse ya kwake."

Aliilaza simu kifudifudi juu ya godoro. Ikaita tena, na mara ya tatu. Siku chache baadaye namba ile ile ilimpigia akiwa darasani, akaizima sauti huku akiendelea kuandika ubaoni. Kisha ikanyamaza moja kwa moja.

"Ameelewa mwishowe," alijisemea.

Shule ilipofungwa, tuisheni nazo zikasimama. Siku ya kwanza ya likizo Mwalimu alikaa chumbani kutwa. Siku ya pili vilevile. Alipokwenda dukani kununua mkate, alifungua mdomo kusema "habari za asubuhi" na sauti ikagoma, maana ilikuwa haijatumika tangu shule ifungwe. Alirudi akakaa chini kwenye vile vigae akalia kama mtoto. Aliwaza kwamba akifa humo ndani, atakayejua ni mwenye nyumba siku ya kodi. Na kodi yenyewe ilikuwa inakaribia, na hakuwa nayo.

Alfajiri iliyofuata alifunga virago. Alinunua mkate mkubwa na majani ya chai, akarudi kwa Bi Mwatumu. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia Chande. Kwanza atamwomba msamaha. Kisha atamwambia jina la shule. Jumapili atamkaribisha aje awaone wale walimu wenzake, na buti zake zile zile.

Alifika kabla ya saa ya kupokezana, akasimama pale pale mlangoni. Mlango ulikuwa na kufuli. Jua likachomoza, likapanda. Chande hakutokea.

Bi Mwatumu alitoka na ufagio wake akamwona.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba, Mwalimu. Umepotea mwanangu! Unamsubiri nani hapo?"

"Namsubiri Chande anipe ufunguo. Leo amechelewa sana."

Bi Mwatumu aliuegemeza ufagio ukutani. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akamwashiria naye akae.

"Kumbe huna habari," alisema. "Chande tumemzika."

Mwalimu alikaa. Mkate ulimponyoka mkononi, na hakuna aliyeuokota.

"Ulipoondoka nilimletea wapangaji wa kukaa naye, watu wazuri tu," Bi Mwatumu aliendelea. "Akawakataa wote. Akasema, hii ni nafasi ya Mwalimu, huko mbali kutamshinda, atarudi. Kodi yote akaibeba peke yake. Usiku analinda, mchana anabeba magunia. Nikamwambia, we Chande, unalipia chumba ambamo hulali! Akacheka. Akaniambia, Bibi, kule kazini naitwa 'we mlinzi', na kule kwenye magunia naitwa 'we kijana'. Mwalimu ndiye mtu pekee wa jiji hili anayenisubiri mlangoni na kuniita jina langu."

"Aliumwa?" aliuliza Mwalimu.

"Homa. Alirudi alfajiri moja akajifungia ndani. Mimi nikajua yuko kazini, maana kila siku alikuwa kazini, usiku na mchana. Ningejuaje? Zamani ungekuja wewe jioni ukagonga huo mlango mpaka nyumba nzima itoke. Safari hii hakukuwa na wa kugonga. Watu wa kazini kwake walipokuja kumuulizia ndipo tukauvunja, alikuwa ameshapoa." Bi Mwatumu alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Alikuwa amejibana upande wa ukutani kabisa. Godoro lote lile, na yeye amelala kama anayempisha mtu."

Mwalimu alijikunja pale ngazini.

"Linalonikosesha usingizi ni ndugu zake," alisema Bi Mwatumu. "Tulimzika sisi wapangaji na watu wa msikitini. Kwao hakuna anayejua. Wewe umelala naye chumba kimoja miaka, Mwalimu. Hebu niambie, kwao ni wapi?"

Mwalimu Sengo, aliyewapa mitihani watoto wa watu maisha yake yote, hakuwa na jibu. Hakuwahi kuuliza. Hakujua kama Chande ana mama, ana mke, ana mtoto. Alijua tu kwamba mgongo wake ulikuwa na joto.

"Sijui," alisema.

"Basi Mungu anajua." Bi Mwatumu aliingia ndani akarudi na simu ndogo ya vitufe, kioo chake kimepasuka. "Hii ndiyo simu yake. Naichaji kila mara na vocha nimeiwekea, labda jamaa zake watapiga. Namba zilizomo ni chache, ya bosi wake, ya muuza magunia. Lakini kuna moja ameiandika 'Nyumbani'. Hiyo ndiyo aliyoipigia mara ya mwisho, alfajiri ile ile, mara tatu. Na mimi nilipiga siku ya kumzika, niwaambie waje wamtie mwenzao mchanga. Inaita vizuri, hawapokei. Watu gani hawa, Mwalimu? Hebu jaribu wewe, unaongea vizuri, labda wewe watakusikiliza."

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Aliitafuta namba iliyoandikwa Nyumbani, akabonyeza, akaiweka sikioni.

Simu ikaanza kuita. Na katika mfuko wa shati lake, simu yake mwenyewe nayo ikaanza kuita.

Bi Mwatumu aliutazama ule mfuko.

"Pokea yako kwanza, mwanangu," alisema. "Labda ni mtu wa maana."

Mwalimu hakupokea. Alikaa na ile simu sikioni, akiisikia ikiita huku na huku, mpaka ikakatika.

Funzo: Jiji hili litakufundisha kumhesabu mwenzako kama kelele, joto na nusu ya kodi. Kabla hujamhama ukiona umeutua mzigo, jiulize yeye kwenye simu yake amekuandika nani.