Hodi Tatu za Njia ya Mlimani

Sogeeni, ila msimwamshe mtoto. Aliyemwambia Nakijwa jambo hili kwanza ni wifi yake, Namsifu: "Wifi, kuvuka mlima ni safari ya siku mbili. Unapotafuta pa kulala, piga hodi tatu. Ukikaribishwa kabla ya hodi ya tatu, kimbia! Zimwi hana subira."

Nakijwa akambeba mwanawe, akaanza safari. Jua likazama, mvua ikanyesha, mtoto akalia mgongoni. Nakijwa akaona kibanda chenye moto.

"Hodi!"

"Karibu, mama, karibu na kinono chako!"

Akakimbia hadi kibanda cha pili.

"Hodi! Hodi!"

"Ingia, uji umeiva!"

Tumbo likanguruma, lakini miguu ikakimbia. Kibanda cha tatu kilikuwa na giza, tena kinavuja.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kisha kikohozi. "Nani tena? Ngoja nijifunge kanga! Mbona mnatusumbua wazee?"

Nakijwa akacheka huku machozi yakimtoka. Akalala pale, akishtuka kila upepo ulipovuma, mkono juu ya mtoto.

Kulipokucha akarudi nyuma. Penye vile vibanda viwili palikuwa na mapango, na ndani mkoromo. Akakata matawi ya miiba, akaziba milango yote miwili kwa ajili ya wasafiri watakaopita baada yake, ndipo akaketi kumnyonyesha mwanawe.