Mteja Aliyemficha Fundi Wake

Soma hii, ukimaliza mtumie mwenzako. Mimi nimechoka kuwaambia watu kwa mdomo.

Huko Tanga alikuwepo fundi wa madera aitwaye Zamda. Alishona mwenyewe na kuuza kwenye duka lake la mtandaoni. Mkono wake ulikuwa mzuri, lakini mtandao hauoni mshono. Mtu akitafuta dera, wanaotangulia kutokea ni waliosifiwa na wateja. Waliosemwa vibaya husukumwa chini, huko ambako hakuna anayefika.

Wateja wa Zamda walikuwa kama sisi sote. Wakifurahi, walimpigia simu na kumwombea dua. Kumwandikia neno moja dukani, hawakuwa na muda. Pale dukani paliandikwa maoni ya mtu mmoja tu, asiyetaja jina: "Mshono unafumuka ukifua mara moja. Msihangaike."

Zamda alimjibu kwa adabu, akaomba arudishiwe hilo dera alishone upya. Hakurudishiwa. Oda zikapungua, kisha zikakatika. Mwishowe akauza cherehani, akawa anafulia watu nguo.

Wiki hiyo hiyo akapigiwa simu na Mama Shufaa wa Morogoro, mteja wake wa siku nyingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shufaa anaolewa! Nataka madera ya ndugu wote."

"Nimefunga, mama. Kuna mtu aliandika kuwa nguo zangu zinafumuka. Tangu hapo sionekani."

"Mtu huyo ni mimi."

"Wewe? Lipi lililofumuka?"

"Hakuna hata moja. Mashoga zangu kila siku wananiuliza fundi wangu ni nani. Niliogopa wakikujua utajaa kazi, mimi unisahau. Nikaandika vile wasikusogelee."

Zamda hakutukana. Hata hasira inataka nguvu, naye alikuwa ameishiwa. Alisema tu, "Haya, mama," akarudi kwenye beseni lake.

Mama Shufaa aliyafuta maneno yake siku ile ile, lakini cherehani ilishakwenda. Akatafuta fundi mtandaoni, akamchukua wa kwanza kutokea, mwenye sifa tele ambazo sijui aliziandika nani. Harusini, shangazi yake Shufaa aliinua mikono kucheza, dera likafumuka kuanzia kwapani hadi kiunoni.

"Kwani yule fundi wako wa zamani yuko wapi?" mashoga wakamuuliza.

Mama Shufaa akavua mtandio wake, akamfunika shangazi.

Funzo: Anayekufanyia kazi nzuri, msifu mahali ambapo wengine watasikia. Ukimficha ili umfaidi peke yako, siku utakayomhitaji hutamkuta.